Fonti za Google kwenye themu ya WordPress: maandishi yanachelewa, na Lora haitokei kabisa kwenye simu

binti_kodi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hapa nimekwama siku ya tatu na mteja ameanza zile simu za saa moja asubuhi.

Nina saiti ya WordPress natengeneza ya jamaa mwenye nyumba ya wageni Paje, Zanzibar, vyumba sita tu, kurasa tano na fomu ya kubuki. Themu ya kununua, ni zile za kizamani za PHP sio hizi za bloku, na juu yake nimeweka themu mtoto (inayorithi ile ya kununua, themu mama) ndo nafanyia kazi humo. Mteja anataka vichwa viwe Lora na maandishi ya kawaida Poppins, ndo nilizotumia kumtengenezea kadi zake za biashara na amezipenda kwahiyo hapo hakuna mjadala.

Mwanzo niliweka @import (amri ya kuvuta CSS ya fonti kutoka Google) juu kabisa ya style.css ya themu mtoto, kwenye laptop ikafunguka safi nikasema nimemaliza kazi. Jumamosi niko kwenye pantoni ya Kigamboni nikafungua saiti kwenye Tecno ya mdogo wangu. Kwanza ukurasa mweupe muda mrefu tu. Halafu picha ya bahari ikaja, vitufe vikaja, maandishi HAKUNA, yani unaona kitufe cha kijani hakina neno ndani yake. Nikahesabu moja mbili tatu ndo maneno yakatokea, tena kwa fonti nyingine, baadaye kidogo yakageuka kuwa Poppins na kila kitu kikashuka chini, mdogo wangu alitaka kubonyeza bei akajikuta kabonyeza ramani.

Nikasoma mahali kwamba @import ni mbaya nikaitoa, nikaweka hivi kwenye functions.php:

```
add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () {
    wp_enqueue_style( 'paje-fonti',
        'https://fonts.googleapis.com/css2?family=Lora:wght@600&family=Poppins:wght@400;500;700' );
} );
```

Sasa ndo nimechanganyikiwa zaidi. Laptop kila kitu sawa, Lora ipo Poppins ipo. Simu ya mdogo wangu Poppins inakuja ila Lora imepotea, vichwa vinatokea kwa herufi za kama gazeti la zamani. Simu ya mteja hivyohivyo. Nikipesti hiyo linki yenyewe kwenye brauza naziona fonti zote mbili zimeandikwa humo. Nimefuta kashe (nakala ambazo brauza inajihifadhia) mpaka nimechoka. WordPress ni 6.4.3. Ni simu zina matatizo au ni mimi?

---

mzee_wa_saiti

Dada unajisumbua bure. Chukua ile linki ambayo Google wenyewe wanakupa, fungua header.php ipesti kabla ya kufunga head, dakika moja umemaliza. Mi nafanya hivyo miaka na miaka na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Hayo mambo ya kuchelewa ni mtandao wa pantoni tu pale katikati ya maji hata WhatsApp inazunguka. Na fonti za Google kila simu inazo tayari kwenye kashe maana saiti zote duniani zinatumia hizohizo, mtu akishaifungua saiti nyingine yenye Poppins kwako haishushi tena.

---

fundi_zamu

binti_kodi, kabla ya yote nijibu swali moja: ulivyotengeneza kadi za biashara ulizi-instoli Lora na Poppins kwenye laptop yako?

---

binti_kodi

Ndiyo, nilizishusha kutoka Google nikazi-instoli ili zitokee kwenye programu ya kudizaini. Kwani inahusiana vipi?

---

fundi_zamu

Ndo hapo penyewe. Laptop yako inakudanganya. CSS (maelekezo ya muonekano wa saiti) ikisema "Lora" na hakuna @font-face (kipande kinachosema faili la fonti liko wapi) yoyote yenye hilo jina, brauza inaangalia kwenye fonti za mashine yenyewe, na kwako inaikuta. Simu ya mdogo wako haina. Kwahiyo Lora haijawahi kushushwa na saiti yako tangu uhamie functions.php, wewe umekuwa unaangalia fonti ya kadi za biashara siku zote hizo tatu. Zitoe kwenye laptop au uwe unapima kwa simu tu.

Sasa kwanini haishuki. Fungua ukurasa, angalia sosi yake, tafuta paje-fonti-css. Nakuhakikishia linki utakayoikuta pale sio uliyoiandika wewe, itakuwa na Poppins peke yake na mwishoni kuna ver=6.4.3. Ni hivi, wp_enqueue_style usipoipa vesheni inaweka namba ya WordPress yenyewe mwisho wa linki, na ili iiweke inaifungua linki yote paramita moja moja halafu inaifunga upya. Wewe una family mbili. PHP ikikutana na jina moja mara mbili inabaki na la mwisho, la kwanza linaenda na maji. Ungeanza na Poppins halafu Lora basi ingepotea Poppins ukaja hapa na swali lingine.

Dawa ni null kwenye sehemu ya vesheni, nne kutoka kushoto:

```
wp_enqueue_style( 'paje-fonti',
    'https://fonts.googleapis.com/css2?family=Lora:wght@600&family=Poppins:wght@400;500;700&display=swap',
    array(), null );
```

Sio false, sio '', andika null. False ndo ile ile ya kuwekewa namba.

Umeona pia nimeongeza display=swap. Zile sekunde tatu ulizohesabu kwenye pantoni sio za kubahatisha, Chrome na Firefox kama hujawaambia chochote wanaficha maandishi mpaka sekunde 3 wakisubiri fonti, ikipita hapo ndo wanakuonyesha fonti ya akiba. Ukiweka swap hawafichi, wanaanza na ya akiba papo hapo halafu wanabadilisha fonti ikifika. Mgeni anayetafuta bei ya chumba asome bei kwa Arial kuliko kuangalia kitufe kisicho na neno.

Na ule weupe wa kabla ya picha ni @import. Brauza ilishusha HTML, ndani ikakuta style.css, ikaishusha, ndani ya style.css ikakuta linki ya Google, ikaanza upya kutafuta domeini ya fonts.googleapis.com na kupeana mikono ya usalama, ikashusha CSS ya Google, na muda wote huo haichori kitu maana haina CSS kamili. Halafu ndani ya CSS ya Google ikakuta faili za fonti zenyewe ziko domeini nyingine kabisa, fonts.gstatic.com, safari nyingine tena. Foleni ya watu wanne kila mmoja anamsubiri wa mbele yake. Kwa Wi-Fi ya ofisini hulijui hilo, kwenye mtandao wa kusuasua kila hatua unaiona kwa macho.

Mzee_wa_saiti na heshima zote mkuu, lile la kashe lilikuwa kweli zamani, siku hizi halipo. Safari walishaanza kutenganisha kashe kwa saiti tangu 2013, Chrome wakafuata na vesheni ya 86 mwaka 2020, Firefox na 85 Januari 2021. Poppins niliyoshusha nikiwa saiti ya magazeti haitumiki kwenye saiti ya Paje, inashushwa upya kabisa. Kila saiti na chungu chake. Na header.php ya themu ya kununua usiiguse dada, ukiapdeti tu yote yanafutika, na hata ukiikopi kwenye themu mtoto ujue umejifunga, wenye themu wakirekebisha kitu kwenye header yao wewe unabaki na ya zamani.

---

mzee_wa_saiti

Sawa fundi la kashe sikulijua nakubali. Ila kwa saiti ya kurasa tano mnamtisha binti wa watu, plagini zipo za hayo mambo anabonyeza tu.

---

fundi_zamu

Plagini sikatai. Ila fonti mbili mkuu? Unabeba gunia kwa ajili ya pilipili mbili.

---

kasuku254

Salamu kutoka Nairobi wasee. Fundi amesema poa sana lakini mimi ningeenda hatua moja mbele, hizo fonti zitoe kwa Google kabisa uziweke kwa themu yako mwenyewe. Kama kashe ya pamoja ilishakufa basi faida kubwa ya kutumia seva ya Google imeisha, unabaki na domeini mbili za ziada ambazo simu lazima izitafute kabla ya kuonyesha neno moja. Ukiziweka kwako zinapitia muunganisho uleule ambao tayari umefunguka kwa kurasa na picha.

WordPress wenyewe walienda huko. Zile themu zao za zamani, kutoka Twenty Twelve mpaka Twenty Seventeen, zilikuwa zinavuta fonti kutoka Google, kwa 6.2 ya mwaka 2023 wakazibadilisha zote fonti zikawa ndani ya themu. Sababu kubwa haikuwa hata spidi, ni faragha. Tarehe 20 Januari 2022 korti moja ya Munich huko Ujerumani iliamua mwenye saiti amlipe mgeni wake euro 100 kwa sababu saiti ilivuta fonti kutoka Google na hivyo IP (anwani ya mtandao) ya huyo mgeni ikaenda kwa Google bila yeye kukubali. Sasa Paje pale wageni ni akina nani? Wajerumani, Waitaliano. Sisemi mteja wako atashtakiwa, nasema kama kuna njia isiyo na hiyo stori na bado ni ya haraka zaidi mbona usiitumie.

Leseni isikusumbue, Lora na Poppins zote ziko chini ya SIL Open Font License, unaruhusiwa kuziweka kwa seva yako bila kumlipa mtu.

Tengeneza folda ya fonts ndani ya themu mtoto, weka faili za WOFF2 (fonti zilizobanwa kwa ajili ya saiti), halafu juu ya style.css:

```
@font-face {
    font-family: "Poppins";
    src: url("fonts/poppins-400.woff2") format("woff2");
    font-weight: 400;
    font-style: normal;
    font-display: swap;
}
```

Urudie hiyo kwa kila uzito, yaani kila unene wa herufi, zile 400, 500, 700. Kisha ile enqueue ya Google unaifuta.

Alafu kitu kimoja watu husahau. Angalia kama themu mama nayo inavuta fonti zake. Mimi nishakuta saiti imewekwa fonti vizuri kabisa ndani ya folda na bado themu mama inashusha Open Sans uzito sita ambazo hakuna mahali zinatumika. Kwa sosi ya ukurasa tafuta googleapis. Ukikuta linki, angalia id yake, ukitoa -css ya mwisho kinachobaki ndo jina la kuiondolea:

```
add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () {
    wp_dequeue_style( 'jina-uliloliona' );
}, 20 );
```

Hiyo 20 (namba ya zamu) ni lazima, functions.php ya themu mtoto inasomwa mbele ya ile ya mama, ukiacha 10 ya kawaida utakuwa unaondoa kitu ambacho bado hakijawekwa.

---

binti_kodi

Jamani asanteni sana. Fundi nimeangalia sosi ni KWELI, linki ina Poppins na ver=6.4.3 Lora hakuna. Siku tatu! Nimeweka null Lora ikatokea kwenye Tecno hapohapo.

Halafu nikamsikiliza kasuku nikaamua kuzihamisha. Nimekuta themu mama kweli inavuta Open Sans na Roboto, sijui za nini, nimeziondoa. Ila kwenye kuweka zangu nimekwama tena, na haya ni mambo matatu tofauti mnisamehe.

Nimeshusha zip kutoka Google Fonts nikakuta ndani ni TTF sio WOFF2, na Poppins moja ni KB 150 na kitu. Uzito tatu ni karibu nusu MB, hii si ni nzito kuliko hata ya Google? Pili, niliandika anwani kamili ya faili kwa kuanzia https mpaka mwisho, nikifungua hiyo anwani peke yake faili linashuka, ila ukurasani fonti haitokei na kwenye Console (dirisha la makosa la brauza) kuna mstari mwekundu unasema CORS policy. Na tatu boldi imekuwa chafu, kama imepakwa wino mara mbili.

---

kasuku254

Hahaha nimecheka juu nimepitia hizo zote tatu kwa wiki moja.

TTF ni ya ku-instoli kwa kompyuta, ina kila kitu ndani. Poppins ilitolewa na kampuni ya India, ina alfabeti ya Kilatini pamoja na Devanagari ile ya kuandika Kihindi, kwahiyo unawabebesha wageni wa Paje herufi za Kihindi bure. Google wakikupa kwa linki hukata vipande, latin peke yake, latin-ext peke yake, na brauza inashusha kipande inachohitaji tu. Ingia google-webfonts-helper au Fontsource, chagua Poppins, chagua latin, utapata WOFF2 tayari imekatwa. Poppins 400 ya latin inakuja kama KB 8 hivi. Kutoka 150. WOFF2 yenyewe pia inabana kwa Brotli.

Kiswahili chote kinaingia kwa latin bila shida, hatuna herufi za vikofia, hata ng' ni ile koma ya juu tu na iko ndani. Lakini kuwa makini kama kuna majina mengine. Nilitengeneza saiti ya familia fulani huku kwetu, nikaweka latin tu, jina la babu kwa Gĩkũyũ lina ĩ na ũ na hizo ziko kwa latin-ext. Kilichotokea ni kila ĩ na ũ ikaja kwa fonti tofauti katikati ya jina, kubwa kidogo na nene kidogo, kama meno ya bandia. Shosho mwenyewe ndo aliiona, mimi nilikuwa nimeipita mara hamsini. Na kama mteja wako atataka salamu za Kiarabu hapo juu basi ujue Lora na Poppins hazina Kiarabu kabisa, hapo utatafuta kama Amiri na kuiwekea class yake.

CORS: nabet domeini ya saiti ina www na wewe umeandika bila www, au kinyume. Kwa brauza hizo ni domeini mbili tofauti, na fonti tofauti na picha haikubaliwi kutoka domeini nyingine bila seva kutoa ruhusa. Ndo maana nimeandika url("fonts/...") bila https, inahesabiwa kuanzia pale style.css ilipo. Iache hivyohivyo hata siku mteja akihama domeini haivunjiki.

Boldi chafu ni kwa sababu 400 iko na 700 haiko, ama iko lakini umesahau kubadilisha font-weight kwa ile @font-face ya pili. Brauza ikikosa 700 inachukua 400 inainenepesha yenyewe.

---

binti_kodi

Kasuku umejuaje!! Ni www kweli. Na font-weight nilikopi na kupesti zote zikabaki 400, yani nina Poppins tatu zote zinasema ni 400. Aibu gani hii.

---

fundi_zamu

Hakuna aibu, karibu chamani.

Niongeze mawili matatu maana kasuku amemaliza karibu yote. La kwanza 500 unaihitaji kweli? Tafuta kwenye CSS inatumika wapi. Mara nyingi ni menyu tu, ukiipa menyu 400 au 700 hakuna binadamu atakayegundua na umepunguza faili moja. Mi sheria yangu ni faili tatu za fonti kwa saiti, ya nne iombe kibali.

La pili kupriloadi. Fonti ya maandishi ya kawaida, hiyo moja tu, unaweza kumwambia brauza aianze mapema kabla hajaisoma CSS:

```
add_action( 'wp_head', function () {
    printf( '<link rel="preload" href="%s" as="font" type="font/woff2" crossorigin>',
        esc_url( get_stylesheet_directory_uri() . '/fonts/poppins-400.woff2' ) );
}, 1 );
```

Hilo neno crossorigin lisikosekane hata kama faili liko seva yako mwenyewe. Ukilisahau brauza inashusha fonti mara mbili, na hutaona kosa lolote ukurasani, utaliona tu ukifungua Network (orodha ya faili brauza inazoshusha) ukakuta poppins-400 imeorodheshwa mara mbili. Na tumia get_stylesheet_directory_uri sio get_template_directory_uri, hiyo ya pili inaelekeza kwa themu mama ambako hakuna folda yako. Usipriloadi fonti zote ukidhani ni sukari, zitaanza kugombania bando na ile picha ya bahari.

La tatu ni lile la mdogo wako kubonyeza ramani. Swap haiondoi hilo, tena bila kuangalia inaliongeza, maana sasa maandishi yanaanza na fonti ya akiba kila mara halafu yanabadilika. Poppins ni pana, mstari uliokuwa mmoja kwa Arial unakuwa miwili na kila kitu kinasukumwa chini. Unaweza kuinyoosha fonti ya akiba ifanane upana:

```
@font-face {
    font-family: "Poppins Akiba";
    src: local("Arial"), local("Roboto");
    size-adjust: 112%;
}
body { font-family: "Poppins", "Poppins Akiba", sans-serif; }
```

Roboto nimeiweka kwa sababu ya Android, Tecno haina Arial. Hiyo 112 anza nayo halafu uivute juu au chini kwa kuangalia, weka aya moja ndefu uone mistari inakatikia neno lilelile au la. Kwenye Chrome bonyeza F12, Network, chagua mtandao wa taratibu na uweke tiki Disable cache, utaona kubadilika kote taratibu kama sinema.

Kwa wengine watakaosoma uzi huu wakiwa na themu za bloku, nyie msiandike PHP hata mstari mmoja, fontFace inawekwa ndani ya theme.json (faili la mipangilio ya themu), na kuanzia 6.5 ya Aprili 2024 kuna maktaba ya fonti ndani ya edita kabisa, ukichagua ya Google inashushwa na kuwekwa kwenye seva yako.

Na kama kuna mtu lazima abaki na linki ya Google kwa sababu zake, basi angalau aongeze preconnect (kumwambia brauza aunganishe mapema) ya fonts.gstatic.com kwa filta ya wp_resource_hints, na crossorigin humohumo. WordPress ikiona linki ya googleapis inajiwekea dns-prefetch (kutafuta domeini mapema) yake, ila gstatic haiijui maana imefichwa ndani ya CSS ya Google.

---

mzee_wa_saiti

Nimepitia saiti zangu mbili usiku huu. Moja ina linki ya Google kwenye header, nyingine kwenye plagini, na themu inavuta Open Sans ileile mara ya tatu. Sisemi kitu.

---

binti_kodi

Mzee wangu pole 😂

Mrejesho. 500 nimeitoa kweli ilikuwa menyu tu. Nimebaki na Lora 600, Poppins 400 na 700. Size-adjust nimeishia 110 ndo mistari ikakaa, ila kichwa kimoja kirefu bado kinaruka, kile cha "Vyumba vinavyotazama bahari", nikakipunguza saizi kwenye simu kikaisha. Kuna siku nzima niliipoteza tena kwa sababu plagini ya kashe ilikuwa inanionyesha CSS ya jana, hiyo ni ya kwangu mwenyewe.

Leo nimepanda pantoni makusudi na Tecno ileile, nauli shilingi mia mbili ya kupima saiti. Nikasubiri mpaka katikati ya maji nikaifungua. Maneno yalikuja kabla ya picha. Mteja sasa hivi anasema kwenye simu yake herufi za edita anapobadilisha bei hazifanani na za saiti.

---

kasuku254

Edita haisomi CSS ya saiti mpaka uiambie: add_editor_style( 'style.css' ) ndani ya after_setup_theme, na kabla yake add_theme_support( 'editor-styles' ). Ukiona edita imevurugika, zitenge @font-face kwa faili lake dogo upitishe hilo tu. Na umtoze hiyo mia mbili.